Nta ya Isevya

Nimepanda darini kwa Mama Mgalula, Isevya,
saa nne asubuhi, bati limeshaanza kutema moto,
tochi mdomoni, popo mmoja ananisuta,
na sauti toka chini: "Usinikanyagie silingi, binti Mihayo,
niliinunua kwa magunia mawili ya karanga!"

Nyaya za nyumba hii alizitandaza baba,
mimi sijaota meno.
Naujua mkono wake kama wengine wajuavyo mwandiko:
husokota kulia mara sita, hukunja ncha,
hufunga utepe mweusi, na juu ya utepe
hupaka nta ya nyuki, ya warina asali wa Sikonge.
"Maji hayapiti," alisema, "wala mende."
Hakuna kitabu kilichomwambia hivyo.

Mfukoni nina vitu ambavyo yeye hakuwahi kuvishika.
Kofia za plastiki, nyekundu na njano, za kuvisha na kusokota:
binamu Kasubi alizitoa Amerika,
kule zina muhuri, kila rangi na idadi yake ya nyaya;
huku mkaguzi huzigeuzageuza
kama muuza sokoni aliyepewa noti ya faranga.
Konekta za skrubu, zile za kukata kama mkate,
za duka la Kanyenye, hazina jina wala namba;
nimekaza moja, imevunjika shingo kabla waya haujabanwa.
Na hizi zenye kilimi cha kuinua,
moja tu ni bei ya chai na chapati mbili.
Ubavuni zimeandikwa, herufi kama mayai ya chawa:
volti, ampea, unene wa waya, joto.

Chuoni tuliambiwa: kiungio usikiulize kama taa inawaka.
Taa huwaka hata kwa dhambi.
Kiulize: utabana vilevile
waya ukipata moto ukapoa, ukapata moto ukapoa,
miaka, usiku kwa usiku?
Umeioza shaba kwa alumini bila mshenga?
Na fundi wa kesho, atakufikia kwa mkono
au kwa nyundo?

Nahesabu viungio vya baba. Kumi na viwili.
Kumi na kimoja, nta imelala pale alipoilaza,
alama ya dole gumba lake bado imo.
Nakaa kwenye boriti.
Mimi, niliyekuja na kisu.

Cha kumi na mbili kiko juu ya jiko,
palipoongezwa friji, ikaongezwa pasi,
likaja na jiko la umeme la mjukuu.
Hapo nta imechuruzika, imeganda kwenye mbao
kama kamasi ya mtoto.
Utepe umekuwa biskuti.
Baba aliunga taa mbili na redio.
Nyumba ndiyo iliyokua.

Nakata vyote.
"Hata vizima?" anauliza Mama Mgalula, shingo juu.
Hata vizima, mama. Mkaguzi hapokei dole gumba.
Vilimi vinalia *tak*, *tak*, ndani ya maboksi yenye vifuniko,
na popo amehama upande wa pili.

Jioni nakuta baba barazani, macho yake ya ukungu
yametazama upande ambao siko.
Sijasema neno.
"Ipi imeyeyuka?"

"Ya jikoni."

"Mm. Niliipaka iseme.
Mende ilikuwa hadithi ya kumwambia mwenye nyumba.
Nyie mlikuwa mnapita chini tu, mnasifu."

Nampa kiungio kipya. Anakipapasa,
anainua kilimi, anakishusha, *tak*,
anainua tena, kama mtu anayejaribu jino.
Namsomea ya ubavuni, moja moja, mpaka joto.
Anasikiliza mpaka mwisho.

"Kizuri," anasema. "Kizuri kweli.
Sasa huyu, akipata joto kuliko hilo,
anamwambia nani?"

Nilikuwa bado na vumbi la dari kwenye ulimi.